Mtoto Asifunzwe Uongo Mlangoni mwa Skuli

Mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ilitangaza elimu bila malipo Visiwani. Leo, kando ya skuli za Serikali, zipo skuli za binafsi, na katika usaili wao mtoto huulizwa: "Umeomba nafasi wapi kwingine?" Wapo wazazi wanaowafunza wana wao wajibu, "Hapa tu." Huo ni uongo, nao huwa ndilo somo lao la kwanza.

Kuomba skuli mbili tatu si hiana, ni tahadhari. Mtoto na azitaje kwa adabu, kisha aeleze kinachompendeza katika hii. Walimu wakuu nao wasimnyime nafasi kwa kusema kweli, na Wizara ya Elimu iwakumbushe hivyo. Skuli inayoadhibu ukweli itafunza nini?