Vyeti vya kuhudhuria vinatosha, sasa tuachieni mashine

Leo tunaandika tukiwa na hasira kidogo, mtuvumilie. Dada na kaka zetu wa mashirika, nanyi msome hadi mwisho, maana mmo humu ndani.

Kila mmoja wetu hapa ana vyeti vitatu au vinne kwenye mfuko wa plastiki. "Amehudhuria mafunzo ya kompyuta ya siku tano." Amehudhuria! Nani alishapewa kazi kwa sababu alikaa kwenye kiti? Siku hizo tano tunafungua Word, tunachora jedwali la Excel, tunapigwa picha tukiwa na fulana mpya, tunapewa soda, basi. Siku ya sita chumba kina kufuli. Hata kikifunguliwa, mashine zina paswedi ya msimamizi, huwezi kuweka programu hata moja. Ukiuliza, jibu ni lile lile: "Mtaziharibu."

Haya, tuwaambie tulichojifunza kwa kuharibu.

Wanne kati yetu tuliamua kusomea mtihani wa Oracle wa SQL, ule wa namba 1Z0-071. Tuna laptopu moja ya mtumba, RAM gigabaiti 4, ndani yake Ubuntu. Databesi ya kujifunzia, Oracle XE toleo la 21c, ni bure: inabeba data hadi gigabaiti 12 na haitumii RAM zaidi ya gigabaiti 2. Kwa mwanafunzi inatosha kabisa. Lakini faili lake linapita gigabaiti 2, na data ya intaneti Uganda inatozwa kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Tulichanga. Tukaanza kudaunlodi usiku, umeme ukakatika alfajiri, tukachanga tena.

Faili likafika. Kumbe limefungwa kwa mtindo wa RPM, ule wa Oracle Linux na ndugu zake wa Red Hat, wakati Ubuntu inakula deb. Tukaligeuza kwa programu inayoitwa alien, likaingia, halafu likagoma wakati wa kusanidi. Siku tatu zikaenda bure. Mwishowe tukafuta kila kitu, tukaweka Oracle Linux 8, ambayo nayo hailipiwi. Tukatanguliza kifurushi cha matayarisho, kile kinachotengeneza yuza anayeitwa oracle na kurekebisha mipaka ya mfumo. Kisha databesi yenyewe. Kisha amri ya kusanidi. Ikagoma tena! Lisena, yaani ile programu inayokaa kwenye poti 1521 kupokea wanaoingia, haikuamka, kwa sababu jina la mashine yetu halikuwemo kwenye faili la /etc/hosts. Tukaongeza mstari mmoja, ikapita. Tukaita sqlplus, mashine ikasema haiijui, kwa sababu hatukuwa tumeionyesha Oracle imekaa folda gani. Tukairekebisha nayo. Wiki ya pili, usiku, tukaandika SELECT yetu ya kwanza na jibu likarudi. Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa sikilizeni. Katika wiki hizo mbili tulijua yuza ni nini, poti ni nini, ruhusa ya faili ni nini, na kosa linasomwaje mstari kwa mstari bila kuogopa. Hakuna semina ya siku tano iliyowahi kutupa hata nusu yake. Na ile laptopu "tuliyoiharibu" mara tatu iko mezani, inafanya kazi. Programu ikiharibika unaifuta unaiweka upya, haigharimu kitu ila muda na bando. Kinachoharibika kweli ni kijana anayekaa miaka mitano akifundishwa kubofya.

Wengine watasema, kwa nini msitumie PostgreSQL? Kweli, kwa kuanzia inafaa sana. Kwenye Ubuntu ni amri moja, hailipiwi, na SELECT ni SELECT. Mwenye mashine dhaifu aanzie hapo, tutamsaidia. Lakini hata hiyo amri moja inadai paswedi ya msimamizi. Ukikosa mashine iliyo wazi, huna Oracle wala PostgreSQL.

Na sisi vijana tusijifanye malaika. Kuna wenzetu wanauziana maswali ya mtihani kwenye WhatsApp, wanakariri A, B, C bila kuwahi kuona databesi kwa macho. Wandugu, huko ni kurudi kwenye cheti cha kuhudhuria, tena cha bei ghali. Siku ya kwanza kazini bosi atasema "lisena imelala", utamjibu C?

Kwa nini tunalivalia njuga jambo hili? Mwaka 2018 serikali ya Uganda pamoja na UNHCR walihakiki wakimbizi nchi nzima kwa alama za vidole na mboni za macho. Kabla ya hapo ilihesabiwa kuwa tunazidi milioni 1.3. Waliothibitishwa wakawa takriban milioni 1.1. Baadhi yetu tunajitolea kambini, tunaona watu wanavyosimama foleni kuambiwa "jina lako halionekani." Maisha yetu, kuanzia chakula hadi kitambulisho, yamo kwenye databesi. Sisi ni mistari ndani ya jedwali, na wanaolifungua jedwali hilo mara nyingi si sisi. Mwenzetu mmoja jina lake liliandikwa kwa kukosea herufi moja. Ukienda kwenye mtihani, jina la kitambulisho na jina la usajili lazima yalingane. Herufi moja tu, na mtu anarudishwa mlangoni.

Basi tunaomba vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji ukumbi wala mabango.

Kwanza, mashine chache zilizo wazi, zenye paswedi mikononi mwa vijana wenyewe. Tano zinatosha. Zikae Port Bell miezi sita, si siku tano.

Pili, ada ya mtihani kwa atakayeonyesha kazi yake. Bei ya kawaida ya mtihani huu ni dola 245, yaani zaidi ya laki nane za Uganda. Hela ya fulana, soda na ukumbi wa semina moja ingelipia watu kadhaa.

Tatu, kabla kijana hajajiandikisha, mtu wa shirika akae naye dakika kumi kulinganisha majina kwenye karatasi zake, na kama kuna kosa amsaidie kulirekebisha mapema.

Mkituuliza tutawapa nini, tutawapa watu wanaojua kazi. Wakati huo huo hatukai kusubiri. Ile laptopu ipo, na hatua zote tumeziandika kwenye daftari, pamoja na kila kosa tulilokutana nalo. Anayetaka kuanza aje Jumamosi, alete flashi ya gigabaiti 16. Faili tunalo tayari, usiteketeze bando lako.

Cheti usilete.