Mchezo Usiohesabiwa



Ndugu wasomaji, wiki hii naomba niwasimulie siku moja niliyoishuhudia ugenini. Mwezi wa Machi nilikuwa Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, nikimzuru ndugu yangu mdogo aliyehamia huko na watu wake. Jirani zake ni mzee mmoja na bibi yake, wote wawili wamestaafu. Mzee alikuwa dereva wa basi la shule, bibi alikuwa karani. Wana wao wamekwisha kuoa na kuolewa, wametawanyika. Waliposikia kwamba kwa jirani kumefika mgeni kutoka Mombasa, wakaja kupiga hodi na kunialika tufuatane kwenda kutazama besiboli.

Kwa asiyeujua, mchezo huu ni jamaa ya kriketi. Kuna mrushaji, kuna mpigaji mwenye gongo, na kuna wadakaji waliotapakaa uwanjani. Kila upande una wachezaji 9, na kila upande hupata zamu 9 za kupiga. Katika msimu wenyewe wa ligi kuu kila timu hucheza mechi 162. Lakini kabla ya msimu kufunguliwa, kuanzia Februari, timu 15 hupiga kambi Arizona na 15 nyingine Florida, kwa kuwa huko kuna jua hali miji mingi ya kaskazini ingali na baridi kali. Hapo hucheza mechi za kujinoa tu. Matokeo yake hayaingii katika msimamo wa ligi: mshindi hapewi kitu, wala aliyeshindwa hapotezi kitu.

Nikamuuliza mzee, "Basi tunakwenda kutazama nini?" Akacheka, akaniambia nitaona mwenyewe.

Bibi ndiye aliyeshika usukani. Mzee alikaa kando yake akimwelekeza: hapa kushoto, sasa taa ya pili, kulia. Nilidhani ni mazoea ya dereva mstaafu asiyeweza kumwachia mtu gari. Tulipofika hatukukaa vitini. Nyuma ya uwanja kuna tuta la majani ambapo watu hutandika mablanketi na kujinyoosha kama walio ufukweni. Waliotuzunguka wengi wao walikuwa wazee wenzao. Pombe huuzwa katika viwanja hivyo, sitawaficha. Nasi tukajitenga upande wenye familia na watoto, tukabambua karanga zetu.

Mchezo ulipoanza, bibi alitoa daftari na penseli katika kikapu chake, akaanza kuandika kila jambo lililotokea. Kuna namna yake: kila mchezaji ana nambari kwa mahali anaposimama, kuanzia 1 ya mrushaji hadi 9, na mpigaji anayetolewa kwa kukosa mpira mara tatu huandikiwa herufi K. Kisha nikatambua kwamba alikuwa hasemi nami, wala hasemi peke yake. Alikuwa akisema polepole, bila kukoma, sikioni mwa mumewe. Mzee yule hauoni mpira. Macho yake yamebaki na mwanga wa pembeni tu, na hayo macho ndiyo yaliyomstaafisha kabla ya wakati wake.

Baadaye, mzee alipojilaza kidogo, bibi alinieleza. Mwaka wa kwanza mumewe alikataa kutoka nyumbani. Hakutaka kushikwa mkono mbele za watu. Akawa hasemi, na akisema ni ugomvi wa kijiko au wa mlango. "Tulikuwa tukiishi kama wapangaji wawili," alisema. Siku moja akanunua tiketi mbili bila ya kumwuliza, akamwambia, "Nataka kwenda uwanjani, lakini njia siijui." Njia alikuwa akiijua. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akainuka kutafuta kofia yake.

Tena akaniambia kwamba mchezo wenyewe hakuupenda ujanani. Mumewe ndiye aliyemfundisha kuuandika, naye alikuwa akienda kwa ajili yake, huku akihesabu saa. Leo yeye ndiye macho, na mzee ndiye anayemsahihisha. Katika zamu ya saba ulisikika mlio wa gongo, na kabla bibi hajafumbua mdomo mzee alisema, "Huo umekwenda." Mpira ulivuka ukuta ukaanguka majanini, hatua chache kutoka tulipokaa, watoto wakaukimbilia. Sijaona uso wa mtu mzima ukifurahi kama ule.

Nilimkumbuka Mtume wetu (s.a.w.). Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba alisimama akimsitiri Bibi Aisha kwa shuka yake, naye akiwatazama Mahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini, wala hakuondoka mpaka Bibi Aisha mwenyewe alipotosheka. Mwenye mzigo wa umma mzima alipata muda wa kusimama hata mkewe aridhike na mchezo.

Sisi je? Wangapi huku kwetu hustaafu, wakarudi katika nyumba ambayo kwa miaka thelathini walikuwa wakija kulala tu? Mume huhamia barazani kwa wenzake, mke akabaki na wajukuu na jiko. Hakuna aliyemkosea mwenziwe, ila hakuna tena wanalolitazama pamoja. Na ugonjwa ukiingia, aibu hufunga mlango uliobakia.

Tulipokuwa tukirudi garini niliuliza ni timu gani iliyoshinda. Mzee alinyamaza. Bibi akasema hakumbuki, mpaka alitazame daftari lake.

Enyi waume, na enyi mama zangu na dada zangu, msingoje safari kubwa. Tafuteni jambo dogo lisilohesabiwa na mtu, hata kama ni kukaa ukingoni mwa bahari baada ya alasiri, mtu na mwenziwe, bila simu. Na ikiwa mmoja wenu amekuwa mzito kutoka, mwambieni kwamba njia hamuijui.

Wabillahi tawfiq.