Gari Moshi la Mfano: Tulinunue au Tulitengeneze?

Katika chama chetu cha ufundi kuna mabishano makubwa siku hizi. Tumeweka akiba ya fedha kidogo kwa kuuza mboga za bustani, na sote twakubali zitumike kupata reli ya mfano, yenye gari moshi dogo liendalo kwa umeme. Tunalobishania ni hili: tununue seti iliyokwisha kutengenezwa, au tuitengeneze kwa mikono yetu? Mimi ni wa upande wa kutengeneza, na naomba nafasi nieleze sababu zangu.

Wenzetu wa upande wa pili wana maneno ya haki. Wasema kwamba seti ya dukani hufunguliwa asubuhi, na kabla ya jioni gari linakwenda. Rangi yake ni safi, na wadogo zetu wa kidato cha kwanza watafurahi mara moja. Tena wasema kwamba kazi nyingi za mikono huanzwa kwa shangwe zikaachwa nusu. Hayo siyakatai.

Lakini hebu tuitazame seti yenyewe. Seti nyingi za Kiingereza hufuata kipimo kiitwacho 00, yaani kitu cha kweli kimepunguzwa mara 76 hivi, na reli zake mbili zimeachana milimita 16.5. Sasa chukua kalamu upige hesabu. Reli yetu ya zamani itokayo Mombasa, iliyofika Kampala mwaka 1931 baada ya kuvuka mto Nile pale Jinja, ina upana wa mita 1. Igawe kwa 76, utapata milimita 13 tu. Basi tukiweka mfano wa stesheni yetu kando ya reli ya dukani, itakuwa kana kwamba njia yetu imepanuliwa kwa sentimita 25!

La ajabu zaidi, hata kwa Waingereza wenyewe haikai sawa. Njia yao ya kweli ni milimita 1,435, nayo ikipunguzwa hivyo yapasa kuwa karibu milimita 19. Kwao ni nyembamba mno, kwetu ni pana mno. Ndiyo maana baadhi ya mafundi wa huko hutandika reli zao wenyewe, wapate milimita 18.83 kamili. Anunuaye hununua na kosa la kiwanda pamoja, wala halijui, kwa kuwa hakupima.

Mtengenezaji hana budi kupima. Atakayeunda behewa la mizigo itampasa aende stesheni, aombe ruhusa kwa mkuu wa stesheni, apime urefu wa milango na kuuliza kwa nini gurudumu lina ukingo upande wa ndani. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Hata Frank Hornby wa Liverpool, ambaye jina lake limeandikwa juu ya maboksi mengi ya magari moshi, alianza kwa kuwafundisha watoto kuunda. Mwaka 1901 alipata hataza ya vipande vya chuma vyenye matundu, ambavyo baadaye viliitwa Meccano. Alipoanza kuuza magari moshi mwaka 1920, yalikuwa ya kufunguliwa na kuunganishwa tena kwa nati.

Na nani kati yetu hakuunda gari la waya alipokuwa mdogo, magurudumu yakiwa ya kandambili kuukuu? Huko Uingereza, katika kijiji cha Long Wittenham, kuna makumbusho yaitwayo Pendon, yaliyoanzishwa mwaka 1954 na Roye England, mtu aliyetoka Australia. Aliona nyumba za kale za vijijini zikibadilishwa, akaanza kuzihifadhi kwa mifano. Kuta zake ni kadibodi, na matofali yamechorwa moja moja. Kadibodi tunayo, na kisu tunacho.

Sisemi tuunde kila kitu. Mota na magurudumu tununue, maana gurudumu lisilo la mviringo kamili haliendi, na mashine ya kukereza chuma hatuna. Mabehewa, mataruma, stesheni na daraja tuviunde kwa mbao, bati la makopo na waya. Na ili kazi isiachwe nusu, tuanze na behewa moja na stesheni moja, wala lisianzwe la pili kabla la kwanza halijakwisha. Hao wadogo zetu wapewe kazi ya kukata mataruma, furaha yao ianze siku hiyo hiyo.

Wenzangu, mtakapopiga kura kumbukeni jambo moja. Seti ya dukani ikiharibika, tutairudisha katika boksi lake na kuiweka kabatini. Gari letu likiharibika, kila mmoja wetu atajua mahali pa kuanza kulifungua.