*MAKOFI HAYALIPI ADA YA HATAZA*

*Taarifa ya Tawi kwa wanachama wote*



Kila mwaka Nane Nane ikiisha, simu zetu zinajaa picha: kiongozi ameshika mashine ya fundi wa mtaani, anatabasamu, na chini yake imeandikwa kuwa Serikali inawathamini wabunifu. Tawi linauliza swali moja tu. Picha ikishapigwa, mashine ni ya nani?

Wengi wenu mnamfahamu fundi wetu wa kuchomelea aliyeunda mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa na injini ya pikipiki. Aliipeleka uwanja wa John Mwakangale hapa Mbeya. Watu wakamwomba afungue kifuniko waone ndani. Akafungua, maana alialikwa kuonyesha. Akapewa cheti, akapigiwa makofi. Msimu uliofuata mashine zile zile, mpaka tundu la kumiminia mahindi liko upande ule ule, zilikuwa zinauzwa mjini na watu asiowajua. Alipouliza haki yake akajibiwa: huna hataza. Cheti chake cha ushiriki bado kiko ukutani pale karakana.

Wapo watakaosema ni uzembe wake. Tawi linakataa. Hataza kwa Tanzania Bara inasajiliwa BRELA. Inataka maelezo ya kitaalamu, michoro, na madai yaliyoandikwa kwa uangalifu kuonyesha hasa ni kitu gani kipya. Inataka ada ya maombi, na baadaye ada ya kila mwaka ili iendelee kuwa hai. Na kubwa zaidi: hataza ni ya kitu kipya. Kilichokwisha kuanikwa hadharani kinaweza kukataliwa kwa sababu hiyo hiyo. Sasa nani alimwita fundi jukwaani bila kumuuliza kama ameshapeleka maombi? Aliyemwita ndiye aliyemwanika.

*Fedha ziko wapi?*

Mwaka 2007, pale Addis Ababa, wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walihimiza kila nchi itenge angalau 1% ya Pato la Taifa kwa utafiti, na lengo lilikuwa mwaka 2010. Takwimu za UNESCO za mwaka 2013 zilituweka sisi karibu na nusu ya hiyo. COSTECH ipo kwa sheria ya mwaka 1986. Mfuko wa MTUSATE upo. Mashindano ya MAKISATU yapo tangu 2019. Vyombo havikukosekana. Kinachokosekana ni fedha ya uhakika, iliyoandikwa kwenye bajeti na ikatoka kwa wakati.

Matokeo yake tunayajua. Mwaka 2015 Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda Tuzo ya Afrika ya Uhandisi kwa chujio lake la maji. Zawadi ilikuwa pauni 25,000, na iliyotoa ni Taasisi ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Tunampongeza na tunajivuna naye. Lakini nchi inayosubiri London imtambue mtoto wake isijisifu kuwa imemlea.

*Wanaotupinga wanasema nini?*

Wanasema: ubunifu hauliwi, kwanza madawati na zahanati. Ndugu wanachama, mkulima anayepukuchua gunia kwa mikono anajua kama mashine inaliwa au hailiwi. Hatusemi madawati yaachwe. Tunasema fedha za mahema, vipaza sauti na fulana za maonyesho zingelipa ada za mafundi kadhaa.

Wanasema tena: mashine ikiigwa inakuwa rahisi, mnyonge anafaidika. Hoja hii ina uzito, na hatutaikwepa. Ndiyo maana hataza ina mwisho: kwa sheria yetu haizidi miaka 20, na mwombaji analazimika kueleza kitu chake wazi ili wengine wajifunze. Hayo ndiyo mapatano. Lakini fundi wetu ameigwa bila kulipwa hata shilingi, na sasa ameapa hatapeleka kitu kingine uwanjani. Mashine yake ya pili, ambayo angetuundia, hatutaiona. Huyo mnyonge amefaidika nini?

Na kuna jambo wasilotuambia. Hataza haivuki mpaka yenyewe. Iliyosajiliwa ng'ambo tu, isiyosajiliwa kwetu, haimzuii fundi wa Mbeya kuisoma michoro yake na kuunda kitu hicho auze hapa hapa. Nyaraka hizo zipo wazi kwa maelfu. Lakini ni halmashauri gani imewahi kumkalisha fundi mbele ya kompyuta ikamwonyesha? Hatulindi cha kwetu, na cha bure cha wenzetu hatukichukui.

*Tawi linadai:*

1. Asipandishwe jukwaani mbunifu yeyote, Nane Nane wala MAKISATU, kabla ya kuulizwa na kusaidiwa kupeleka maombi yake. Dawati la BRELA likae mlango wa kuingilia, lisikae kwenye banda la mwisho.

2. Mikopo ya 10% ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu iruhusu wazi gharama za hataza na za kuunda mashine ya mfano. Leo kikundi kinachouza vitenge kinaeleweka haraka, lakini kinachounda kitu kipya kinaambiwa hakina biashara.

3. Asilimia moja ya utafiti iwekwe kwenye sheria. Ahadi ya hotuba haina wa kumshtaki.

*Kazi yetu wenyewe:*

Kila balozi wa shina aorodheshe mafundi na wabunifu wa eneo lake, bila kujali chama. Mwambieni kila mmoja: kabla hujapeleka maombi, usifungue kifuniko mbele ya mtu, awe waziri au awe mwenyekiti wetu.

Jumamosi saa 10 jioni tunakutana ofisi ya Tawi. Diwani amealikwa. Fundi wetu atakuwepo, na atakuja na kile cheti. Tunataka diwani akisome kwa sauti, kisha atuambie kinalinda nini.

Sambaza kwa kila mwanachama.

_Imetolewa na Katibu Mwenezi wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi._