Mashahidi wa Mzunguko

Tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga mabao 6–0 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Ukiwakusanya wote wanaoapa kwamba walikuwemo uwanjani siku ile, hata Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 hautawatosha. Miaka miwili baadaye, katika uwanja uleule wa zamani, Mufulira Wanderers ya Zambia iliichapa Simba mabao 4–0 katika Klabu Bingwa Afrika. Ukisikiliza simulizi za vijiweni, siku hiyo uwanjani hapakuwa na mtu: huyu alikuwa msibani, yule alikuwa zamu kazini, mwingine homa ilimlaza.

Toleo hili ni la kumbukumbu za mashabiki wa uwanja huo, ambao leo rasmi unaitwa Uwanja wa Uhuru na mitaani bado ni Shamba la Bibi. Tumekusanya masimulizi ya wana Msimbazi (Simba) na wana Jangwani (Yanga), na ya watu walioipenda Pan Africans au Cosmopolitan, timu ambazo kijana wa leo akizisikia hudhani ni za nchi nyingine. Kabla hujafungua kurasa hizo, tunataka kusema tumeyachukuliaje maneno ya mashabiki. Hatukuyachukua kama hadithi za kuburudisha wajukuu, wala kama kweli isiyoguswa kwa sababu msemaji ana mvi. Shabiki ni shahidi, na shahidi huheshimiwa kwa kuulizwa maswali.

Sababu ya kuwahitaji mashahidi ni rahisi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Hata fainali ya Kombe la CAF ya 1993, Simba dhidi ya Stella Abidjan, ilichezwa kabla ya mtazamaji wa Bara kuwa na kituo chake cha kumrudishia mechi jioni. Magazeti yalikuwepo, yakiwamo Uhuru na Mzalendo, lakini mwandishi aliyepewa safu moja hakuwa na nafasi ya kueleza zaidi ya matokeo, wafungaji na makosa ya refa. Namna mpira ulivyopita katikati ya mabeki, kelele zilizoanza kabla ya shuti, na mtu aliyevua shati akalirusha lisirudi tena, vyote vilibaki vichwani mwa watu. Aliyekuwa na miaka 20 siku ya mabao sita leo anakaribia 70. Kila mwaka tunazika ushahidi ambao hakuna aliyeuandika.

Ushahidi huo una matatizo yake. Tukianza na mabao sita yenyewe, karibu kila mtu anayakumbuka matatu ya Abdallah Kibadeni. Mawili ya Jumanne Hassan, yule Masimenti, yanatajwa na wachache zaidi. La sita, ambalo Yanga walijifunga wenyewe, linakumbukwa mno na mashabiki wa Yanga, kwa kuwa linapunguza aibu: "Ninyi mlifunga matano tu, moja tuliwapa." Hapo hakuna anayesema uongo. Kila upande umehifadhi sehemu inayoufaa, kama wanavyofanya ndugu wakigawana vyombo vya marehemu.

Tatizo la pili ni redio, na kwetu ndilo linalovutia kuliko yote. Shabiki wa zama zile aliingia uwanjani na redio ndogo, akaishikilia sikioni dakika zote 90. Mechi iko mbele yake, lakini anataka pia kuambiwa anachokiona. Watangazaji wa Radio Tanzania Dar es Salaam, akina Ahmed Jongo na Charles Hilary, walikuwa sehemu ya mchezo. Sauti zao zilimtaja mchezaji ambaye kutoka mzunguko, yale majukwaa ya zege ya watu wa kawaida, alionekana mgongo tu, na zikaongeza kasi pale mpira ulipokuwa umepungua kasi. Ndiyo maana msimulizi wa leo anaweza kukueleza pasi tatu zilizozaa bao akazipanga kwa utaratibu mzuri ajabu. Ukimsikiliza kwa makini utagundua kwamba utaratibu huo ni wa mtangazaji. Jicho lilitoa picha, sikio likatoa maneno, na miaka imeviunganisha hata mwenyewe hawezi kuvitenganisha.

Mkali wa historia atasema basi kumbukumbu hiyo imechafuliwa. Sisi tunaona kinyume. Mtu aliyeutazama mpira huku akisimuliwa mpira anatueleza jinsi soka ilivyoishi nchini kwa miongo mitatu, jambo ambalo orodha ya wafungaji haiwezi kutueleza. Kuna zaidi ya hapo. Bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililoipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Mataifa ya Afrika za 1980, Watanzania wengi mno hawakuliona kabisa. Walilisikia. Hata hivyo wapo wanaokuonyesha kwa mikono jinsi mpira ulivyoingia wavuni. Redio iliwafundisha kuona.

Kwa hiyo swali tulilomuuliza kila msimulizi kabla ya lingine lolote ni hili: ulikuwa umekaa wapi? Aliyekaa jukwaa kuu alikuwa karibu na benchi, akasikia kocha anavyofoka, na pengine alikuwa na kazi ofisini na kiingilio hakikumsumbua. Aliyekuwa mzunguko alikaa juu ya zege, jua lake na mvua yake, akiwa amebanwa na watu asiowajua mpaka bao lilipoingia na wote wakawa ndugu. Aliyebaki nje ya geti hakuona kitu, lakini aliujua mlio wa bao la Simba na mlio wa bao la Yanga, akatabiri matokeo bila kuuliza. Watu hawa watatu walihudhuria mechi tatu tofauti siku moja. Kuchanganya maneno yao na kuyaita "kumbukumbu za mashabiki" ni kuwapotezea wote haki.

Kuna jambo jingine linaloufanya uwanja huu usifanane na viwanja vya kumbukumbu vya Ulaya. Simba, mpaka 1971, iliitwa Sunderland, jina la klabu ya Uingereza. Sunderland ile ya Uingereza ilikuwa na uwanja wake, Roker Park, ikauacha mwaka 1997, ukabomolewa, na hapo zikajengwa nyumba kwenye mitaa iliyopewa majina ya mambo ya mpira. Mzee wa kule akiulilia uwanja wake, analia na watu wa rangi moja. Uwanja wetu ulikuwa wa serikali. Simba ina makao yake Mtaa wa Msimbazi, Yanga ina yake Jangwani, lakini nyumba ya kuchezea ilikuwa moja kwa wote wawili. Bao moja liliwapa watu furaha upande huu na kilio upande wa pili, chini ya anga moja, na baada ya mechi wote walirudi Keko, Temeke na Kariakoo kwa miguu, njia moja, wakitaniana. Msimulizi wa kwetu hana anasa ya kusimulia peke yake. Jirani yake alikuwepo, na jirani ni wa timu nyingine.

Ndiyo maana tumezipa nafasi kubwa siku za kushindwa. Kipigo kile cha Mufulira Wanderers kilisababisha mojawapo ya maajabu ya soka yetu: Simba ilikwenda Zambia ikashinda 5–0 na kusonga mbele. Tazama sasa jinsi mambo yalivyogawanyika. Aibu ilionekana kwa macho nyumbani, na utukufu ukasikika redioni kutoka ugenini. Fainali ya 1993 nayo ilikuwa hivyo hivyo kwa uchungu zaidi. Simba ilitoka sare bila mabao Abidjan, ikarudi Dar es Salaam watu wakiwa wamekwisha kulitia kombe kabatini, na Stella wakashinda 2–0. Masimulizi ya siku hiyo ni mafupi, lakini tumeyaona kuwa ya kuaminika kuliko mengine. Mtu hana sababu ya kujisingizia kwamba alikuwepo kwenye msiba.

Uwanja haukumbukwi kwa mpira tu, na tungekuwa wachoyo kama tungefunga mlango hapo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Uingereza ilishushwa pale na ya Tanganyika ikapandishwa. Oktoba 1999 watu walipanga foleni pale kumuaga Mwalimu Nyerere. Machi 2021 walipokwenda kumuaga Rais Magufuli, watu 45 walikufa katika msongamano. Wasimulizi wetu waliopita mageti yale kwa miaka mingi ya mechi wanalizungumzia tukio hilo kwa namna ambayo ripoti haiwezi. Wanajua jinsi umati unavyosukuma, jinsi mtu anavyonyanyuliwa miguu ikaacha kugusa ardhi. Ujuzi huo walioupata kwenye mechi za watani, Simba na Yanga, ni ujuzi ambao wanaopanga mikusanyiko wanapaswa kuutafuta.

Baadhi ya wasomaji watatutuhumu kwamba tunaimba ule wimbo wa wazee, kwamba zamani palikuwa na mpira na leo pana biashara. Hatuuimbi. Mzunguko haukuwa pepo. Vyoo vilitisha, walanguzi waliishi kwa jasho la wenzao, na mwanamke aliyetaka kutazama mechi alihitaji moyo wa chuma. Uwanja mpya uliofunguliwa jirani mwaka 2007 umempa shabiki kiti, na soka ya klabu zetu imekua: Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 na Simba ikafika mwaka 2025. Yanga ilipoifunga Simba 5–1 Novemba 2023, kila bao lilikuwa kwenye simu kabla watu hawajatoka uwanjani. Hakuna atakayehitaji kuapa. Wa zamani ndio waliobaki bila picha, na kwa ajili yao tumetoa kurasa hizi.

Tunaomba mambo mawili. La kwanza tunaliomba kwa Shirika la Utangazaji Tanzania, lililorithi kazi za Radio Tanzania: kila kanda ya matangazo ya mpira iliyomo katika hazina yake ifunguliwe kwa watafiti na kwa umma, ili sauti za Jongo na wenzake ziwekwe kando ya maneno ya waliokuwa uwanjani. La pili tunaliomba kwako, msomaji. Tuandikie, au mkalishe babu, shangazi au jirani yako umwandikie. Masimulizi ya wanawake ndiyo tunayoyataka kwanza. Taifa lililomkubali Halima Mchuka atangaze mpira redioni halina udhuru wa kutojua wanawake wa mzunguko waliona nini. Usitutumie matokeo, tunayo. Taja mechi, taja ulipokuwa umekaa, na utaje shabiki mmoja wa timu pinzani anayeweza kuthibitisha maneno yako au kuyapinga. Yeye pia tutamchapa.