Jamaa Anayecheka, na kicheko chetu cha Kashasha

Wiki hii tunaenda Japani, halafu tunarudi Muleba. Usinune, njia ipo na ni fupi kuliko unavyodhani.

Kwa wale ambao mpaka leo mnaamini katuni ni za watoto wa chekechea, tafuteni kitu kinaitwa Ghost in the Shell: Stand Alone Complex. Jina refu kama treni ya Kigoma, lakini kazi yenyewe si mchezo. Ilianza kuonyeshwa Japani Oktoba 2002, msimu wa kwanza vipande 26, mwongozaji Kenji Kamiyama, studio Production I.G. Asili yake ni katuni za vitabuni za bwana Masamune Shirow, zilizoanza 1989, na kabla ya hapo ilikuwepo sinema ya Mamoru Oshii ya mwaka 1995. Mimi nimeimaliza yote, mingine nikiangalia mpaka majogoo yanawika hapa Bukoba, na siombi radhi kwa mtu.

Mambo yanatokea mwaka 2030. Watu wamewekewa mitambo vichwani, ubongo unaingia mtandaoni wenyewe, hakuna cha simu wala vocha. Raha tupu, sivyo? Ngoja. Maana mjanja anayejua kuvunja kufuli za mtandao anaweza kuingia humo humo kichwani mwako. Anakuwekea kumbukumbu ambazo si zako, anakubadilishia unachokiona, nawe huna habari. Ndipo serikali ikawa na kikosi cha siri, Kitengo cha 9, kazi yake kupambana na magaidi wa mtandao. Bosi ni mzee mmoja mfupi, Aramaki, mkali kama pilipili. Anayeongoza mapambano ni mwanamke, Meja Motoko Kusanagi, mwili wake wote wa bandia na hakuna mwanaume anayemchezea. Wamo pia vifaru vidogo vya rangi ya bluu, Tachikoma, vinaongea kama watoto wa darasa la pili na vitakuliza mwishoni. Kipenzi changu mimi ni Togusa. Huyu ana mke na watoto, mwili wake karibu wote ni wa kuzaliwa, na bado anatembea na bastola ya kizamani wakati wenzake wana mizinga. Mtu wa kawaida kabisa kati ya mashine. Kila ofisi ina Togusa wake.

Sasa sikia kisa chenyewe. Mwaka 2024 wa kwenye katuni (wetu tumeshaupita, na vichwa vyetu bado havina waya), kijana mmoja anamnyooshea bastola mkurugenzi wa kampuni kubwa ya tiba mbele ya kamera za televisheni, matangazo yanaenda moja kwa moja. Anamtaka aseme ukweli kuhusu dawa anazouza. Nchi nzima inaangalia, lakini hakuna anayeiona sura ya kijana. Ameingia kwenye macho ya watu na kwenye kamera zote kwa wakati mmoja, akaifunika sura yake kwa kikatuni cha uso unaocheka. Polisi wakiwauliza mashahidi jamaa alikuwaje, karibu wote wanabaki na kile kikatuni. Akabatizwa jina: Jamaa Anayecheka.

Miaka 6 baadaye jina linaibuka tena. Mkuu wa polisi anatishiwa, na siku ya tukio mlinzi wake mwenyewe anamgeukia. Huyo alikuwa amepandikizwa virusi, sawa. Lakini kabla vumbi halijatulia, anainuka raia mwingine kwenye umati anataka kumshambulia, anafuata mwingine, na mwingine. Hawajuani. Vichwa vyao vikipimwa havina virusi hata kimoja. Kila mmoja anaamini Jamaa Anayecheka ni yeye. Hiyo ndiyo maana ya lile jina refu: watu wanaiga kitu kimoja kwa pamoja, kila mtu kivyake, bila aliyewatuma.

Nilipofika hapo nikasimamisha picha. Nikajisemea, hii mbona ya kwetu?

Turudi nyumbani. Tarehe 30 Januari 1962, wiki 7 na ushee tangu tupate Uhuru, kwenye shule ya kati ya wasichana ya misheni, ya bweni, kijijini Kashasha, maili 25 hivi kutoka Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka. Wakashindwa kuacha. Ikahamia kwa wenzao, na ilipofika tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Wanafunzi walikuwa 159, waliokuwa wamekumbwa ni 95. Walimu hawakuguswa, si Waafrika wala Wazungu. Mabinti wakarudishwa makwao, na siku 10 baadaye ikatokea Nshamba, ambako baadhi yao walikuwa wanatoka. Huko mwezi Aprili na Mei walihesabiwa watu 217, wengi vijana. Juni ikapiga Bukoba pembeni, shule ya wasichana iliyoandikwa Ramashenye, nayo ikafungwa: 48 kati ya 154. Kashasha walijaribu kufungua tena tarehe 21 Mei, wakapatwa wengine 57, milango ikafungwa upya mwishoni mwa Juni. Wengine waliita akajanja, wengine omuneepo.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, waliuchunguza na kuandika mwaka 1963 kwenye jarida la tiba la Afrika ya Kati. Walipima damu, walipima maji ya uti wa mgongo, waliangalia mpaka chakula. Hakuna sumu, hakuna virusi. Hakufa mtu. Kama wale wa kwenye umati wa Meja, vichwa vilikutwa safi.

Ila kuna jambo kwenye maandishi ya madaktari hao ambalo halitajwi vijiweni. Wagonjwa walisema wanaogopa. Wapo waliosema kuna vitu vinatembea ndani ya kichwa, na wapo waliosema kuna mtu anawakimbiza. Kicheko kilikuwa kinakuja na kilio, na wengine walipigana na waliowashika. Miaka mingi baadaye mtaalamu mmoja wa masuala ya kicheko, Christian Hempelmann, alieleza kwamba hapo hakukuwa na uchekeshaji wowote. Ni msongo uliowazidi watu wasio na sauti, mwili ukasema wenyewe. Umri wao ni miaka 12 hadi 18, wako bweni, mbali na mama, kanuni za misheni kali, nchi imegeuka juzi tu na kila mzee anawatazamia makubwa. Ungeenda kulalamika kwa nani?

Dunia imebaki na nini? Kikatuni. Ukitafuta leo utaambiwa kuna kijiji Tanzania watu walicheka mwaka mzima na nusu bila kusimama. Uongo mtupu! Mashambulizi yalikuja na kuondoka, dakika kadhaa au saa kadhaa, na aliyeteseka sana aliteseka siku 16. Lakini nani ana habari? Mimi mwenyewe nikisema kwetu ni Muleba, hakosekani mshikaji wa kuuliza, "Ah, kule mnakocheka?" Halafu anacheka yeye.

Na ndivyo alivyofanyiwa yule kijana wa Japani. (Kama hujaiona, ruka aya hii, usije ukanilaumu.) Kumbe alikuta mtandaoni barua ya vitisho iliyofichua kwamba tiba inayouzwa kwa bei mbaya haina kazi, na chanjo inayosaidia imezuiwa na wakubwa. Alitaka tu mtu mmoja akiri hadharani. Basi. Watu wakachukua ule uso unaocheka, wakauchapa kwenye fulana, wakaubandika kila kona. Makampuni mengine yakatishiwa kwa jina lake, na nyuma yake walikuwepo wakubwa wanatafuta mshiko. Ile chanjo hakuna aliyeiulizia.

Mnaopenda ugaidi wa mtandao wa kibongobongo nao nisiwasahau. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nani aliuandika wa kwanza? Hayupo. Kila tapeli amenakili kwa tapeli mwenzake. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, ilianza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Tukapanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole kuanzia Mei 2019, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Ujumbe bado unaingia, tena saa ya chakula. Meja Motoko angefika Bukoba angeomba uhamisho.

Nina ombi kwa vijana wa Muleba na Bukoba. Wale mabinti wa 1962 walio hai sasa ni bibi zetu, miaka sabini na kitu, themanini. Kama yuko mmoja hapo kwenu, mkae jikoni mkimenya ndizi, muulize ilikuwaje. Muulize aliogopa nini, na usianze wewe kucheka. Akikubali iandikwe, niletee. Jina lake tutaliacha.