Siyo mtoto aliyeshindwa, ni gitaa ulilomnunulia

1/7

Wiki hii tunaweka pembeni chanjo na uji wa lishe. Tangu shule zifungwe napokea meseji ileile: "Nesi, mwanangu ana miaka 13, anataka gitaa la umeme apige roki na metali, nifanyeje?" Na kila nikiuliza ameshauriwa nini mpaka sasa, naambiwa maneno ya mjomba, ya shangazi na ya muuza duka, yananipandisha presha. Kwa hiyo leo nasema wazi, wa kuudhika audhike.

Msimamo wangu ni huu: GITAA LA BEI NAFUU HALIMHARIBU MTOTO. Linalomharibu ni gitaa LISILOPIGIKA. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kuna watu wanafaidika sisi tukivichanganya. Mtoto anapewa gitaa ambalo hata mpiga solo wa bendi lingemtoa jasho. Anaumia vidole wiki mbili, analisukuma uvunguni. Kisha nyumba nzima inaanza: "Huyu mvivu. Huyu hana kipaji. Huyu anaanza vitu hamalizi." Hela itapatikana nyingine, jamani. Hilo jina mtoto analibeba mpaka ukubwani, na ndilo linaloniuma.

Na kabla hujaniuliza: ndiyo, najua wapo wanaosema ni muziki wa shetani. Gitaa hilohilo la umeme linapigwa kanisani kila Jumapili, na ndilo lililompa jina Mbaraka Mwinshehe kwenye muziki wa dansi. Maneno ya nyimbo kaa na mwanao myasikilize na myajadili, kama unavyotakiwa kufanya na bongofleva. Gitaa lenyewe ni mbao, nyuzi na sumaku. Tuendelee.

2/7: "AANZIE GITAA KAVU KWANZA"

Huu ushauri ndo unaoniudhi kuliko yote, kwa sababu unasemwa kwa upole na watu wenye nia njema.

Sikiliza. Seti ya kawaida ya nyuzi za gitaa kavu la nyuzi za chuma inaanza na uzi wa unene wa inchi 0.012. Seti nyepesi ya gitaa la umeme inaanza na 0.009. Wapigaji wanaziita namba 12 na namba 9. Kadiri uzi unavyokuwa mnene kwa sauti ileile, ndivyo unavyokaza na ndivyo kidole kinavyobonyeza kwa nguvu zaidi. Sasa wewe unamwambia mwenye vidole laini aanze na kilicho kigumu, "akizoea maumivu ataweza chochote." Hivi ni wapi tuliambiwa maumivu ni somo la muziki? Ncha za vidole kuwasha siku za mwanzo ni kawaida, ngozi inakomaa. Kifundo cha mkono kuuma, ganzi ya vidole, maumivu yanayopanda mpaka kiwiko, hayo SIYO kawaida, na hayatibiwi kwa kuambiwa "vumilia."

Tena metali haifundishiki vizuri kwenye gitaa kavu. Kuziba nyuzi kwa ubavu wa kiganja ili zitoe ile sauti ya kugonga, kuzuia nyuzi zisizopigwa zisipige kelele wakati sauti imekwaruzwa na ampli, hayo anajifunzia kwenye gitaa la umeme. Anayetaka gitaa kavu mpe gitaa kavu. Anayetaka la umeme mpe la umeme.

Nakupa mfano mmoja. Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza, alikuwa na miaka 17, kibarua wa kiwanda cha mabati, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vilikuwa vidole vya kubonyezea nyuzi. Hakujilazimisha kuzoea maumivu. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea vikofia vya vidole, akavivisha ngozi, akaweka nyuzi nyembamba, na baadaye akazilegeza zaidi kwa kushusha sauti ya gitaa. Februari 1970 bendi yake, Black Sabbath, ikatoa albamu ya kwanza, ambayo wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa metali. Muziki wenyewe anaoutaka mwanao ulianza na mtu aliyelirekebisha gitaa lifuate mkono wake. Sasa mbona sisi tunaulazimisha mkono wa mtoto ufuate gitaa?

3/7: VITU VIWILI TU VYA KUULIZIA

Muuzaji atakuonyesha rangi, atakuonyesha umbo la mapembe. Wewe uliza mawili.

KWANZA, PIKAPU. Hizi ni zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, ndizo zinazosikia mtetemo. Kwa metali unataka aina ya hambaka, zile pana zenye koili mbili, hasa ile ya karibu na daraja. Zilibuniwa mwaka 1955 na Seth Lover, fundi wa kampuni ya Gibson, kwa kazi maalumu: koili mbili zinafuta mngurumo wa umeme wa nyumbani ambao pikapu ya koili moja inaunasa. Ukikwaruza sauti kwa ajili ya metali, mngurumo huo nao unakuzwa. Mtoto ataona anapiga vibaya, kumbe anasikia nyaya za nyumba yenu.

PILI, DARAJA. Ni pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa. Chukua daraja LILILOTULIA, lisilo na mkono wa kuchezesha. Madaraja ya aina ya Floyd Rose yanavutia macho, lakini yanasimama kwa mizani ya springi: ukibadilisha uzi mmoja, zote zinapotea sauti. Kwenye magitaa ya bei ya chini, mengine yana chuma laini kinachoisha haraka. Mtoto anayeanza atatumia nusu saa kutyuni na dakika tano kupiga.

Majina? Ibanez za familia ya Gio, Jackson za JS, Epiphone Les Paul Special, Yamaha Pacifica au Squier zenye hambaka kwenye daraja. Squier ni ya Fender na Epiphone ni ya Gibson, ni matoleo yao halali ya bei nafuu, kwa hiyo asikucheke mtu. Soma na herufi: Jackson JS32 yenye T ina daraja lililotulia, ile ya kawaida isiyo na T ina aina ya Floyd Rose. Pacifica nyingi na Squier nyingi zina kimkono chepesi, hizo zinavumilika, kimkono mnakitoa tu. Ila ukiona "Gibson" inauzwa bei ya Epiphone, ondoka. Hiyo ni feki.

4/7: MPIME GITAA KAMA UNAVYOPIMA MTOTO KLINIKI

Huhitaji kujua kupiga. Unahitaji kadi za benki na subira.

✔️ Pitisha kiganja kando ya shingo, juu mpaka chini. Ncha za freti (vile vyuma vya kukatisha) zikikukwaruza wewe, zitamchana mtoto.

✔️ Nenda freti ya 12. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Kadi mbili zipite chini ya uzi bila kuunyanyua, na chini ya uzi mnene ya tatu ianze kubana. Kadi NNE zikipita kwa raha, nyuzi zimekaa juu mno. Hapo ndipo vidole vinapoumia bure. Mara nyingi fundi anaweza kuzishusha, mradi shingo isiwe imepinda vibaya.

✔️ Kila uzi, kila freti, bonyeza na ukwanyue. Ikizizima au kufa sauti, weka alama kichwani.

✔️ Tyuni kwa programu ya simu. Piga uzi mtupu, kisha uubonyeze freti ya 12. Programu itaje noti ileile. Ikikosea mno, daraja linahitaji kurekebishwa.

✔️ Mvishe mtoto mkanda asimame nalo dakika kumi. Mengi yana kilo 3 hadi 4. Mabega yakipanda na mgongo ukipinda, siyo lake. Ukubwa nao uangalie: urefu wa uzi unaopigwa kwenye Les Paul ni kama inchi 24.75, kwenye mengi mengine ni 25.5. Kwa mtoto wa miaka 8 au 9 kuna ndogo kama Ibanez miKro, inchi 22.2.

✔️ Anatumia mkono wa kushoto? Yapo magitaa yake. Usimgeuze kwa lazima.

Huna uhakika bado? Nenda na mpiga gitaa wa kanisani kwenu au wa bendi ya mtaani. Mpe nauli na soda. Atakuokolea hela kuliko punguzo lolote.

5/7: LILE BOKSI LA "KILA KITU NDANI"

Unalijua. Gitaa, spika kama redio ya mkulima, waya, mkanda, begi jepesi kama mfuko wa dukani, vyote bei moja. Mama unafurahi, umemaliza. Muuzaji naye anafurahi zaidi, maana hela yako imegawanywa vitu vinane na gitaa limepata kipande kidogo. Yapo maboksi ya kampuni zinazojulikana ambayo yanafaa. Yasiyo na jina, yapime kwa kadi zilezile. Hayafaulu mara nyingi.

Mimi ningegawa hivi. Ukiwa na shilingi kumi: sita gitaa, mbili na nusu kitu cha kutolea sauti, moja na nusu kwa fundi, nyuzi mpya namba 9 na waya. Usimkate fundi! Gitaa la kawaida lililopita kwa fundi linapigika kuliko la bei mara mbili lililotoka kwenye kontena moja kwa moja. Kama hela haitoshi, nunua LILILOTUMIKA. Mikwaruzo ya rangi haina sauti.

Na wanaosema bila hela nyingi hakuna roki: Brian May wa Queen, mpiga gitaa aliyesimama jukwaani na Freddie Mercury, mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, alilitengeneza gitaa lake nyumbani na baba yake. Walianza 1963. Shingo ni mbao ya meko ya zamani, springi ni za pikipiki kuukuu, alama za shingoni ni vifungo kutoka boksi la kushonea la mama yake. Alilipigia maisha yake yote ya muziki. Lakini lilikuwa limetengenezwa kwa vipimo, likapigika.

6/7: MASIKIO NA UMEME. HAPA SIBEMBELEZI

Sikio likishapoteza seli zake za kusikia, hazioti tena. Kiwango cha kazini cha watu wazima ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye 100 ni dakika 15 tu. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 75 kwa saa 40 kwa WIKI. Weka programu ya kupimia sauti kwenye simu, hata kama haiko sahihi sana. Kama unalazimika kupaza sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, punguza. Masikio yakivuma baada ya mazoezi, mazoezi yalikuwa makali mno.

Kwa nyumba za kupanga, nunua ampli ndogo ya hedfoni, kama Vox amPlug inayochomekwa kwenye gitaa na kutumia betri ndogo mbili. Majirani wanalala. Ila hedfoni nazo zinaua masikio, mwekee alama ya mwisho wa sauti kwa rangi ya kucha.

Na ampli ya umeme: ile pini ya tatu ni ya ethi. MSIIKATE, msitumie adapta ya pini mbili. Nyuzi za gitaa zimeungana na ampli kupitia waya, maana yake mwili wa mtoto umeungana na ampli. Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea kwa kushika maikrofoni iliyokuwa haina ethi. Soketi ya kwako haina ethi? Mwite fundi umeme KABLA ya kununua ampli, au baki na ile ya betri.

7/7: "NA AKIACHA JE?"

Ndilo swali la mwisho la kila baba. Akiacha, gitaa zuri la bei nafuu linauzika. La boksi bovu hakuna anayelitaka. Kwa hiyo hata ukiwa na wasiwasi na mwanao, bado hesabu inasema nunua linalopigika.

Na aache kwa sababu HAPENDI, hiyo ni haki yake. Watoto wanajaribu vitu, ndivyo wanavyokua. Ninachokataa ni aache kwa sababu vidole vilichanika, nyuzi zilikuwa juu na spika ililia kama nyuki, halafu wewe ukamhukumu yeye.

Kama lipo moja uvunguni kwako sasa hivi, litoe. Chukua kadi za benki, nenda freti ya 12. Zikipita nne, mtafute fundi wiki hii, weka nyuzi namba 9, mrudishie mtoto. Na ukimrudishia, mwambie kwa mdomo wako mbele ya ndugu zake waliomcheka: "Lilikuwa bovu. Hukushindwa wewe."

Mtumie mama mwenzako kabla hajaenda dukani.